MIPANGO YA NISHATI NA UCHUKUZI MJINI MALINDI: JE, JILORE INAHUSIKA?

Somo ambalo chama chetu kimenipa mwaka huu ni zito kidogo, na najua wapo watakaoufungua ukurasa huu kisha waruke mbio hadi kwenye vichekesho na mafumbo. Naomba msiruke. Wawakilishi wa wadi na maofisa wa kaunti wanapokaa kuipitia upya mipango ya nishati na uchukuzi ya mji wa Malindi, huwa wanazungumza habari za gunia la makaa linalopita barabarani hapa kwetu alfajiri, habari za maji ya mfereji, na habari za nauli utakayotozwa na bodaboda siku ya kufunga shule. Wengi wetu twadhani hayo ni mambo ya watu wa mjini. Mimi nasema kwamba mji hauwezi kupangiwa nishati wala uchukuzi huku Jilore imesahauliwa, na tena kwamba mambo hayo mawili yakipangwa katika ofisi mbili zisizosemezana, atakayeumia kwanza ni mtu wa huku kwetu.

Tuanze na maneno, maana sisi ni chama cha Kiswahili. Hapa Kenya tuna Wizara ya Kawi, na wenzetu wa Tanzania wana Wizara ya Nishati. Jambo ni lile lile. Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, la kwanza likiwa na maana ya nguvu na la pili maana ya uchangamfu wa kutenda. Mwalimu wa fizikia atakuambia kawi ni uwezo wa kufanya kazi, naye hakukosea. Ama uchukuzi, limetokana na kuchukua, kama vile mchukuzi wa mizigo bandarini. Usafiri nao umetokana na kusafiri. Kwa hivyo mzigo huchukuliwa na mtu husafiri, ila bodaboda za huku hufanya yote kwa mpigo mmoja: mama, mtoto, kuku wawili na gunia nyuma.

Sera nayo ni nia ya serikali iliyoandikwa. Mpango ni nia hiyo ikishatiwa mahali, tarehe na fedha. Sera isiyo na mpango ni kama posa ya bwana asiyetaja mahari. Na kuipitia upya mipango ni kuuliza: tulisema tutafanya nini, tumefanya nini, na je, tulichokisema bado kinafaa?

Nani basi mwenye kazi hiyo? Zamani Malindi ilikuwa na baraza lake la manispaa lenye madiwani na meya. Mabaraza yale yalikwisha baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, magari na maegesho yake, na uchukuzi wa umma wa barabarani. Barabara kuu za taifa zimebaki kwa serikali kuu. Hapo ni wazi. Lakini ukifika kwenye umeme utashangaa, kwa maana usambazaji wa umeme na gesi umeandikwa katika orodha ya kazi za serikali kuu, kisha ukaandikwa tena katika orodha ya kazi za kaunti. Ng'ombe mmoja, wachungaji wawili! Sheria ya Kawi ya 2019 ilijaribu kuliweka sawa jambo hili kwa kuitaka kila kaunti itengeneze mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa waziri, ili mpango wa taifa ujengwe juu ya mipango ya kaunti.

Bunge la Kaunti ya Kilifi hukutana papo hapo Malindi, ingawa makao makuu ya kaunti ni Kilifi. Kaunti ina wadi 35, na Jilore ni mojawapo. Katika eneo bunge la Malindi tuko pamoja na Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika kaunti nzima, na mji wa Malindi peke yake ulikuwa na watu wapatao 120,000. Mji nao una bodi yake ya manispaa, iliyoundwa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Bodi huangalia mambo yaliyomo ndani ya mipaka ya manispaa. Hapo ndipo penye kasoro ninayotaka kuieleza, kwani makaa, maji na umeme wa jua havijui mpaka wa manispaa.

Tuchukue makaa kwanza. (Wenzetu wenye Kigiriama huyaita makala, kwa hivyo hapa Jilore kuandika makala juu ya makala si jambo la ajabu.) Mpishi wa mjini akiishiwa na gesi hurudia jiko la makaa, na makaa hayaoti Malindi. Hutoka bara, huja kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa lori. Katika tanuri la udongo, kama yale yanayochimbwa na watu wengi, kilo 100 za mti hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Kilichobaki kimekwenda na moshi. Hivyo gunia moja unaloliona limefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki ni miti mingi kuliko macho yanavyodhani. Na jirani yetu hapa ni Arabuko-Sokoke, msitu wa hifadhi tangu 1943, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Ndio mkubwa kuliko misitu yote ya namna yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kanuni za makaa zimekuwapo tangu 2009. Mchomaji anatakiwa awe na leseni na msafirishaji awe na kibali cha kusafirishia. Kwa maneno mengine, makaa ni nishati kwa mpishi, ni uchukuzi kwa mwenye pikipiki, na ni msitu kwa mlinzi wa miti. Faili zake ziko katika ofisi tatu. Sasa hebu fikiria barabara itokayo Malindi kupitia Kakuyuni na Langobaya kuelekea lango la Sala la Mbuga ya Tsavo Mashariki. Kila mtu anataka barabara nzuri, nami nataka. Barabara ikiwa nzuri mgonjwa hufika hospitali akiwa hai, na embe hufika sokoni kabla hazijaoza. Lakini makaa nayo hufika upesi zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Ofisi ya barabara ikiboresha njia pasipo ofisi ya nishati kuwatafutia wapishi wa mjini kitu kingine cha kupikia, msitu ndio utakaolipa tofauti. Je, ofisa wa barabara amekosea? La, amefanya kazi yake barabara! Hakuna aliyemwekea faili ya pili mezani, basi.

Tuje kwenye umeme, mahali ambapo maswali huwa mengi. Huko Langobaya, si mbali nasi, kuna mtambo mkubwa wa umeme wa jua uliojengwa na kampuni ya Globeleq pamoja na wenzake. Una uwezo wa megawati 40, ulianza kuuza umeme Desemba 2021, na mnunuzi ni Kenya Power kwa mkataba wa miaka 20. Megawati 40 ni kilowati 40,000. Birika la umeme hutumia kilowati 2 hivi, kwa hivyo jua likiwa kali mtambo ule ungeweza kuchemsha mabirika 20,000 kwa wakati mmoja. Chai ya kutosha matanga na arusi zote za Kilifi.

Basi mtu huuliza: mbona umeme unatengenezwa hapa kwetu na nyumba ya nyanya bado ina koroboi? Swali hili nimelisikia likiulizwa kwa hasira, na wanaojibu mara nyingi hujibu kwa siasa. Jibu lenyewe ni la kiufundi kwanza, siasa baadaye. Umeme unaosafirishwa mbali hupandishwa msukumo hadi kilovolti 132 au 220, ili usipotee njiani kwa kuupasha waya joto. Nyumbani twatumia volti 240. Kati ya hizo mbili lazima kuwe na kituo cha kuushusha, kisha nyaya za kilovolti 33 au 11, kisha transfoma ya kijiji, ndipo mlangoni kwako. Waya mkubwa unaopita juu ya shamba lako ni kama mto Sabaki wakati wa mafuriko, nawe huwezi kuteka maji kwa kikombe cha chai katika mto wa namna ile. Unahitaji mfereji. Umeme wa Langobaya huingia katika gridi ya taifa, ukachanganyika na wa mvuke wa Olkaria na wa maporomoko ya mto Tana, na hakuna uniti iliyoandikwa jina la Jilore.

Lakini transfoma iwekwe wapi? Hapo ufundi umekwisha na mipango imeanza. Mwaka 2015 serikali ilipoanzisha mradi wa kuunganisha umeme hadi maili ya mwisho, ada ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na waliolengwa kwanza ni wale walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Aliye mita 590 akapata taa. Aliye mita 700 akabaki akiitazama taa ya jirani. Kwa hivyo aliyechagua mahali pa kusimika transfoma, hata kama hakuwa na nia mbaya, alichagua pia nyumba zitakazosoma usiku na nyumba zitakazolala saa moja. Transfoma nyingi huwekwa karibu na barabara, kwa sababu ndiko lori la nguzo linakofika. Mwaona basi: barabara ndiyo iliyoamua umeme uende wapi. Mtu wa mipango asiyelijua hilo atashangaa kila mwaka kwa nini vijiji vya ndani havina taa.

Maji nayo ni umeme uliovaa kanzu nyingine. Pale Baricho, kando ya Sabaki, ndiko kuliko visima vinavyoilisha Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Maji yale hayapandi vilima kwa kupenda kwake, yanasukumwa na pampu, na bili ya umeme ya pampu ni miongoni mwa mizigo mikubwa ya mashirika ya maji ya pwani. Zaidi ya mara moja umeme umekatwa kwa sababu ya madeni na miji ikakaa na ndoo tupu. Ukisoma mpango wa nishati usiotaja Baricho, jua mwandishi wake hakuwahi kuchota maji.

Wapo watakaosema natia chumvi, ati nishati ya mji haiwezi kutegemea mambo ya mbali namna hiyo. Na waulize watu wa Unguja. Kisiwa chao kiliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa kebo ya chini ya bahari tangu 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na giza hilo likaendelea hadi Machi 2010, miezi mitatu! Hoteli kubwa zilinguruma kwa majenereta. Mwananchi wa kawaida alihangaikia maji kabla ya kuhangaikia taa, kwa maana pampu za maji zilitegemea kebo ile ile. Mwaka 2013 iliwekwa kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100. Kabla ya hapo wengi hawakuwa wamekaa chini kuhesabu ni mambo mangapi yanayoning'inia kwenye waya mmoja.

Upande wa uchukuzi, mfano ulio karibu nasi kwa lugha na kwa bahari ni Dar es Salaam. Mji ule ulianzisha mabasi yaendayo haraka mnamo Mei 2016, yakitoka Kimara hadi Kivukoni katika njia yake yenyewe ambayo daladala haziruhusiwi kuingia. Njia na matawi yake ni kilomita 21 hivi. Kazi ile ilisifiwa duniani, na Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Uchukuzi Endelevu ya 2018. Mimi pia naisifu. Ila kituo cha kulazia mabasi kilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mto haukupewa nakala ya mpango. Bonde lilifurika mara kadhaa, na mafuriko ya Aprili 2018 yaliyaharibu mabasi mengi. Wenye kupanga njia walikuwa hodari wa njia, lakini ramani ya maji ilikuwa katika kabati la watu wengine. Twarudi pale pale pa faili zisizokutana.

Sisi hapa hatuna mabasi ya namna hiyo, wala Malindi haiyahitaji kwa sasa. Sisi tuna tuktuk mjini na bodaboda huku ndani, na vyote vyanywa petroli. Bei ya petroli hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na halmashauri ya serikali inayosimamia kawi, na kadiri mji ulivyo mbali na Mombasa ndivyo bei inavyopanda. Pikipiki ya petroli hutumia lita 2 hadi 3 hivi kwa kilomita 100. Pikipiki ya umeme, kwa mwendo huo huo, hutumia uniti 3 hadi 5. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya namna hii, tena hupungua zaidi saa ambazo wengi wamelala. Fanya hesabu mwenyewe kwa bei ya mwezi huu, utaona kwa nini vijana wa mjini wameanza kuziulizia.

Mahali pa kuchajia ndipo penye mambo. Vituo vikiwekwa mjini peke yake, dereva wa Jilore atakwenda na abiria mmoja na kurudi akisukuma. Na kituo cha kuchajia kinahitaji transfoma yenye nguvu, nayo twakwisha kuona hufuata barabara. Ofisa wa uchukuzi akisema anataka bodaboda za umeme, lazima ofisa wa nishati awe ameketi ubavuni pake akijibu, “Nguzo zitafika wapi na mwezi gani?” La sivyo huo ni mkutano wa kunywa soda.

Sasa wananchi wana nafasi gani? Kubwa kuliko tunavyofikiri. Tuangalie jirani yetu wa kaskazini. Pale Lamu ulipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni yake ya mazingira, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya papo hapo Malindi ikauunga mkono uamuzi huo. Hao hawakuwa watu wenye mitambo. Walikuwa wavuvi na wakulima na jamaa zao waliosema: hamkutuuliza, na mlipotuuliza hamkutueleza.

Sheria za kaunti zina tarehe zake, na tarehe hizo hazibandikwi milangoni petu. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya Aprili kwisha. Juu ya yote hayo kuna mpango mkuu wa miaka mitano, na ulioko ni wa 2023 hadi 2027. Utakaofuata utaanza 2028, maana yake utaandikwa wakati wengi wetu tumekwisha kuchukua vitambulisho. Maoni ya wananchi hutakiwa kila hatua. Mara nyingi mkutano huitishwa kwa tangazo la siku chache, wazee wakaja, mama wakaja wamechelewa kutoka kisimani, vijana hawakuja kabisa, na mtu akasimama akasema “twataka umeme, twataka barabara,” watu wakapiga makofi, karani akaandika “wananchi wanataka umeme na barabara.” Maneno hayo hayana mahali, hayana idadi wala umbali. Ofisa hata akiwa mwema atayafanyia nini?

Afadhali aseme mtu: transfoma ya karibu iko mahali fulani, nyumba hizi 40 ziko nje ya mita 600, shule iko hapa, zahanati iko pale, na alfajiri magunia kadhaa ya makaa hupita hapa kwenda mjini. Maneno hayo hayafutiki kwa kalamu moja.

Kwa sababu hiyo napendekeza kazi kwa chama chetu muhula ujao, walimu wetu wakituruhusu. Kundi moja liketi kando ya barabara siku tano za wiki, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, liandike kila chombo kinachopita: matatu, tuktuk, bodaboda, baiskeli, lori, na kila gunia la makaa. Kundi la pili lipime kwa hatua umbali kutoka kila transfoma tuijuayo hadi nyumba ya mwisho yenye taa na nyumba ya kwanza isiyo na taa, kisha lichore ramani. Wenye Kigiriama kizuri wawahoji wazee na akina mama wanapikia nini, na kuni wanazipata mwendo wa muda gani. Wenye hati nzuri wayaandike yote kwa Kiswahili sanifu, kurasa zisizidi nne, na nakala zipelekwe kwa mwakilishi wa wadi yetu, kwa bodi ya manispaa ya Malindi na kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya Agosti kwisha. Hesabu zitakaguliwa na mwalimu wa hisabati. Watakaotaka kuingia kundi la alfajiri waandike majina yao kwa katibu wa chama, na waje na sweta.